Siku Kama ya Leo: namna ya kuandaa tarehe moja, kwa mfano wa 9 Desemba

Kila asubuhi kuna mtu anasoma "siku kama ya leo". Huenda ni mtangazaji wa redio ya jamii kabla ya taarifa ya habari, mwalimu wa zamu mbele ya wanafunzi mstarini, au dada anayeendesha kundi la WhatsApp la ukoo. Wengi huchukua orodha iliyotafsiriwa na mashine na kusoma mambo kumi na tano kwa pumzi moja: mfalme fulani wa Ulaya kavikwa taji, mwigizaji fulani kazaliwa, klabu fulani imeanzishwa. Msikilizaji hatoki na kitu. Kibaya zaidi, makosa yaliyomo humo yanarudi mwaka hadi mwaka, kwa sababu kila anayeichukua orodha anaamini kwamba aliyemtangulia alihakiki.

Hapa naonyesha namna ya kuiandaa tarehe moja kuanzia kukusanya hadi kusoma. Mfano wangu kote ni 9 Desemba. Tarehe hiyo ina uhuru wa Tanganyika, mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari na mwisho wa ndui, na imejaa mitego yote ambayo mwandaaji atakutana nayo kwingine.

1. Fungua ukurasa wa tarehe, uanzie nyumbani

Tenga ukurasa mmoja kwa kila tarehe, uwe wa daftari au wa kompyuta, na uugawe safu tano: mwaka, nani, alifanya nini au nini kilitokea, wapi, na umeipata wapi. Hiyo ya tano ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa msikilizaji akipiga simu kubisha.

Anza na kile ambacho wasikilizaji wako wanadhani wanakijua tayari. Kwa 9 Desemba ni uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961. Usiandike "uhuru" halafu ukaendelea. Jiulize: siku ile Nyerere alikuwa nani? Alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye, Januari 1962, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama cha TANU, na nafasi ile akashika Rashidi Kawawa. Nyerere alirudi serikalini akiwa Rais tarehe 9 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Kwa hiyo ukurasa wako una mistari miwili ya nyumbani, wa 1961 na wa 1962, na anayesema "Nyerere aliapishwa kuwa Rais siku ya uhuru" ameichanganya.

Kenya nayo ina tarehe iliyobeba mambo mawili namna hiyo: 12 Desemba 1963 uhuru, 12 Desemba 1964 Jamhuri. Ukiwa na wasikilizaji wa pande zote mbili za mpaka, uhusiano huo unafaa kutajwa.

Nyumbani kukishakamilika, panua: majirani, Afrika, Umoja wa Mataifa, kisha dunia. Ukianza na dunia, utajaza ukurasa kwa watu wa Hollywood na nyumbani kutabaki mstari mmoja.

Kuhusu mahali pa kutafuta: matangazo rasmi ya serikali, magazeti ya wakati ule, Nyaraka za Taifa, na maktaba za vyuo ndivyo vyanzo vya kwanza. Umoja wa Mataifa na mashirika yake huhifadhi maazimio yao yakiwa na tarehe kamili. Kamusi elezo ya mtandaoni itakuonyesha pa kuanzia, lakini isiwe chanzo pekee. Wazee ni hazina kwa namna siku ilivyokuwa, nani alilia, nini kiliimbwa, mvua ilinyesha au la. Tarehe yenyewe ithibitishe kwenye maandishi.

2. Shika kitenzi

Hapa ndipo pana kazi halisi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jambo kubwa halitokei siku moja. Lina siku ya kupendekezwa, ya kupitishwa, ya kutiwa saini, ya kuanza kutumika, ya kutangazwa. Orodha za mitandaoni huzikanyaga zote na kuandika "ilianzishwa". Wewe tafuta kitenzi kinacholingana na tarehe uliyoishika.

Chukua ndui. Utaambiwa ugonjwa huo "ulitokomezwa 9 Desemba 1979". Fuatilia. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida ya maambukizi alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Wataalamu wakaendelea kusaka wagonjwa wengine nchi kwa nchi, na tarehe 9 Desemba 1979 tume yao ikatia saini hati ya kuthibitisha kwamba ndui imekwisha duniani. Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukalitangaza rasmi jambo hilo 8 Mei 1980. Hapo una siku tatu na vitenzi vitatu: *aliugua*, *ilithibitishwa*, *ilitangazwa*. Cha 9 Desemba ni *ilithibitishwa*. Ukisema hivyo, hakuna atakayekubishia, na msikilizaji ameelewa pia kwamba kuumaliza ugonjwa ni jambo moja na kuwa na hakika umekwisha ni jingine.

Na usiishie kwenye hati. Maalin mwenyewe baadaye aliingia kwenye kampeni za chanjo ya polio nchini kwake, akiwaambia wazazi waliosita kilichompata yeye. Alifariki kwa malaria mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo ya chanjo. Mtu wa pwani ya Somalia ndiye alama ya mwisho wa gonjwa lililoua mamilioni kwa karne nyingi, na wasikilizaji wetu wengi hawajawahi kusikia jina lake. Mimi ningempa yeye nafasi kubwa kuliko tume.

Mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari nao uko hivyo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupitisha Paris, 9 Desemba 1948, siku moja kabla ya kupitisha Tamko la Haki za Binadamu. Ulianza kutumika 12 Januari 1951. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo ilitolewa Arusha, 2 Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Kutoka Paris hadi Arusha ni miaka hamsini kasoro miezi michache. Mtangazaji wa Kigali, Bujumbura, Kigoma au Arusha ana sababu ya kuieleza njia hiyo yote. Wa Lamu anaweza kutaja kwa sentensi mbili.

Mfano wa tatu ni Mwenge, na huu unahitaji uangalifu kwa sababu tunaupenda. Maneno ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, ulete tumaini pasipo na matumaini, Nyerere aliyasema kwenye Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959. Aliyeupandisha mwenge na bendera hadi kileleni ni Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Maneno na tendo vimetenganishwa na miaka miwili. Ukivisoma kama vya siku moja umepunguza uzito wa vyote viwili, maana utamu wa habari hii ni kwamba lililosemwa lilitimizwa.

3. Ihoji tarehe yenyewe

Mwaka ukiwa sahihi, tarehe bado inaweza kukuteleza. Mitego ninayoikuta zaidi ni hii.

Mpangilio wa Kimarekani. Wamarekani hutanguliza mwezi: 9/12 kwao ni Septemba 12. Sasa fikiria umekuta ukurasa wao umeandika kwamba Haile Selassie aliondolewa madarakani 9/12/1974, na mwingine kwamba Steve Biko alifariki 9/12/1977. Ukisoma kwa mazoea yetu, umeshawaweka wote wawili kwenye 9 Desemba, na yote mawili yalitokea 12 Septemba. Tarehe yoyote ambayo siku yake haizidi 12 ina hatari hii. Katika ukurasa wako andika mwezi kwa jina, daima.

Usiku. Bendera ya Uingereza ilishushwa Dar es Salaam na ya Tanganyika kupandishwa saa sita usiku. Waliokwenda uwanjani waliondoka majumbani tarehe 8. Ndiyo maana mzee mmoja atakuambia "sherehe ilikuwa tarehe nane" na mwingine "tarehe tisa", na wote wanakumbuka vizuri. Sema "usiku wa kuamkia tarehe 9". Kuna pia hesabu ya Kiislamu ambamo siku huanza magharibi: mtu wa pwani akisema usiku wa Ijumaa, anaweza kuwa na maana ya Alhamisi baada ya jua kuzama. Unapochukua simulizi ya mzee wa Pangani au Mombasa, muulize anahesabu vipi kabla hujaandika.

Mwaka wa Hijria. Barua na hati nyingi za masultani wa Zanzibar zimeandikwa kwa tarehe za Hijria. Programu za kubadilisha tarehe zinasaidia, lakini mwezi hutegemea kuandama, kwa hiyo jibu linaweza kupishana kwa siku moja na siku halisi. Kama hati haikutaja siku ya juma, sema "mapema Desemba" na usitie tarehe kamili.

Kalenda ya kale ya Ulaya. Mshairi wa Kiingereza John Milton anatajwa kuzaliwa 9 Desemba 1608. Uingereza ya wakati huo ilikuwa bado inatumia kalenda ya Juliasi, na iliiacha mwaka 1752. Kwa kalenda tunayotumia leo, siku ile ni 19 Desemba. Desturi ni kuiacha 9 kama ilivyoandikwa wakati wake. Ila usije ukajenga hoja ya kwamba Milton na mtu mwingine wa nchi nyingine "walizaliwa siku moja". Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yanaitwa ya Oktoba huku yakikumbukwa 7 Novemba kwa sababu hiyohiyo.

Kuna kipimo kimoja chepesi ambacho simu nyingi zinakuwezesha kukifanya: siku ya juma. Rudisha kalenda ya simu hadi Desemba 1961. Tarehe 9 ni Jumamosi. Ukikuta chanzo kinasema uhuru ulikuwa "Jumatatu, 9 Desemba", kitilie shaka hicho chanzo chote. Mwaka 1962 iliangukia Jumapili, 1948 Alhamisi, 1979 Jumapili. Ziandike pembeni; ni kinga ya haraka.

4. Waliozaliwa na waliofariki

"Siku kama ya leo alizaliwa fulani" peke yake haina maana. Mtoto aliyezaliwa hajafanya kitu bado. Mchague yule ambaye kazi yake unaweza kuieleza kwa sentensi mbili, na mtu wa kawaida akaona inavyomgusa.

Kwa 9 Desemba ninao wawili ninaowapenda. Grace Hopper alizaliwa New York mwaka 1906. Mwaka 1952 alitengeneza programu ya kugeuza maagizo ya binadamu kuwa lugha ya mashine, na kazi yake ilichangia kuzaliwa kwa COBOL, lugha ya kompyuta iliyokuja kuendesha hesabu za mabenki kote duniani. Na tazama: tarehe hiyohiyo mwaka 1968, Hopper akitimiza miaka 62, Douglas Engelbart alisimama San Francisco akaonyesha hadharani kipanya cha kompyuta na mazungumzo ya video. Wanafunzi wa shule yenye maabara ya kompyuta wanaweza kupewa hao wawili pamoja na asubuhi ikatosha.

Wa pili ni Fritz Haber, aliyezaliwa 1868 huko Breslau, mji ambao leo uko Poland. Alipata njia ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya amonia. Mbolea ya urea anayonyunyiza mkulima wa mahindi wa Mbozi au Trans Nzoia imetokana na njia hiyo, na alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918. Huyohuyo ndiye aliyesimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, 22 Aprili 1915. Ukimtaja, taja yote mawili. Kumsifia kwa mbolea tu ni kuwaficha wasikilizaji nusu ya mtu.

Wapo pia waigizaji Kirk Douglas wa 1916 na Judi Dench wa 1934. Waache, isipokuwa kipindi chako ni cha filamu.

Vifo mara nyingi vina habari zaidi kuliko kuzaliwa, maana kazi imeshakamilika. Ralph Bunche alifariki New York 9 Desemba 1971, miaka kumi kamili tangu Tanganyika ijitawale. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 1950, kwa usuluhishi wake Palestina. Lakini kwetu ana zaidi ya hapo: ndiye aliyeongoza idara ya Umoja wa Mataifa ya nchi za udhamini ilipoanza, yaani nchi zilizotawaliwa na wageni chini ya uangalizi wa umoja huo, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Katika miaka ya 1930, akiwa London, alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta. Habari kama hii haimo kwenye orodha za kutafsiriwa. Utaipata kwa kumfuatilia mtu mmoja hadi mwisho badala ya kukusanya majina ishirini.

Tahadhari kuhusu siku za kuzaliwa za watu wa kwetu. Wazee wengi hawakuandikishwa, na pasipoti iliwapa 1 Januari au 1 Julai kwa sababu karani alitaka kujaza nafasi. Hata siku na mwaka wa kuzaliwa wa Kenyatta haujulikani kwa hakika. Penye shaka kama hiyo, mkumbuke mtu kwa siku ya tendo lake linalojulikana. Na kwa wanaukoo au wasikilizaji walio hai, omba ruhusa kwanza, soma siku na mwezi, mwaka uache; tarehe kamili ya mtu ni ufunguo wa akaunti zake.

5. Punguza hadi matatu

Ukurasa wa 9 Desemba ukijaa unaweza kuwa na mistari thelathini. Redioni soma mitatu, minne kwa wingi. Ninachagua kwa maswali haya: Je, nina hakika na kitenzi? Je, msikilizaji wangu ana dai na habari hii? Je, haya matatu yanasikilizana?

Kwa redio ya Bara ningechukua uhuru na Jamhuri kama jambo moja, kisha Bunche, kisha Maalin. Kwa Kenya ningeweka Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, uliofunguliwa kutiwa saini Mérida, Mexico, 9 Desemba 2003. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuusaini na kuuridhia, siku ileile, na ndiyo asili ya tarehe hii kuwa Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Rushwa. Raia wa Kenya ana haki ya kukumbushwa hilo kila mwaka.

Kwa Zanzibar, andika kwa heshima ya historia yake. Mwaka 1961 Zanzibar ilikuwa nchi nyingine, chini ya Sultani na ulinzi wa Uingereza. Uhuru wake ni 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo. Sema "uhuru wa Tanganyika" au "wa Tanzania Bara". Anayesema "Tanzania ilipata uhuru 1961" amefuta watu zaidi ya laki tatu wa visiwani.

6. Andika kwa ajili ya sikio

Tarehe na mwaka vitangulie, sentensi ziwe fupi, namba zisizidi mbili kwenye sentensi. Hivi ndivyo ningemwandika Maalin:

*Siku kama ya leo, mwaka 1979, wataalamu wa afya walitia saini hati ya kuthibitisha kwamba ndui haipo tena duniani. Mgonjwa wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia. Alipona. Kisha akatumia miaka yake ya baadaye kuwashawishi wazazi wawachanje watoto polio. Mama mwenye kadi ya kliniki mkononi asubuhi hii, habari hii ni yako.*

Isome kwa sauti kabla ya kuingia studio. Ukikwama mahali, sentensi ni ndefu, ikate. Majina ya kigeni yasikilize kwanza yanavyotamkwa na wenyewe, kisha andika matamshi kwa Kiswahili juu yake kwa penseli: Bunche ni "Banch". "Miaka sitini na ngapi iliyopita" usiiandike kwenye ukurasa wa kudumu, maana mwakani utasahau kubadilisha. Acha nafasi wazi, ujaze asubuhi ileile.

Angalia mpangilio pia. Mkataba wa mauaji ya kimbari hausomwi juu ya muziki wa sherehe, na hauwekwi kati ya siku mbili za kuzaliwa. Ukiuchagua, uweke mwisho, nyamaza kidogo, kisha uingie kwenye jambo jingine la kipindi. Salamu za kuzaliwa za wasikilizaji zisomwe katika sehemu yake, mbali na hapo.

7. Ukurasa haufungwi

Tarehe inaendelea kupokea mambo. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za 9 Desemba na kuagiza nchi nzima ifanye usafi, wakati kipindupindu kikisumbua. Mwaka 2022 Rais Samia alizifuta tena, na shilingi milioni 960 zilizotengwa zikaelekezwa kujenga mabweni manane ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Yote mawili sasa ni sehemu ya historia ya tarehe hii, na kijana wa miaka ishirini huenda anayakumbuka kuliko bendera ya 1961. Yaongeze kwenye ukurasa.

Msikilizaji akikukosoa, andika alichosema kwenye safu ya tano, kihakiki, na kama yuko sahihi, rekebisha hewani kesho yake saa ileile. Nakala ya ukurasa mpe mwenzako wa zamu. Kazi hii huchosha ikibebwa na mmoja.

Baada ya 9, nenda 10 Desemba: uhuru wa Zanzibar na Tamko la Haki za Binadamu viko hapo, na mistari yako miwili ya kwanza imeshapatikana.